Amina ya Bi Noemia

Jumatano alasiri, kina mama wa kanisa la mtaani walipokuwa katikati ya maombi yao ya kila wiki, Dada Cleonice alisimama, akamnyooshea mkono Bi Noemia, akapaza sauti: "Tumshukuru Bwana kwa huyu dada yetu, aliyesimama imara nyumbani kwake akaikatalia dunia!"

"Amina!" waliitikia wote, na Bi Noemia akaitikia pamoja nao.

Kosa lilizaliwa hapo. Maisha yake yote Bi Noemia alikuwa mwitikiaji. Aliitikia amina kwa mvua, kwa mguu wa jirani uliopona, kwa cherehani mpya ya mtu, na siku moja aliitikia kwa tangazo la kupotea kwa funguo za choo. Mdomo wake ulikuwa umezoea kazi hiyo kiasi kwamba haukuyasubiri tena masikio. Makofi yalipoanza kulia na mikono kumpapasa mabegani, ndipo akajiuliza ni kitu gani hasa alichoikatalia dunia, maana tangu asubuhi hakuwa amekataa kitu zaidi ya kikombe cha pili cha kahawa.

"Cleonice," alimnong'oneza walipokuwa wakipanga viti vya plastiki ukutani, "nimefanya nini?"

"Unyenyekevu wako huo, dada! Binti yako Jussara kaniambia mwenyewe. Alikuja dukani kwangu kununua zipu, nikamwona macho yamemvimba. Eti daktari wa mjini Recife anawaomba zile mimba zilizobaki kwenye barafu wakazifanyie utafiti, na wewe umesema haiwezekani, ni dhambi. Mkweo ndiye aliyemletea mkewe jibu lako."

"Vavá? Vavá ndiye aliyesema hivyo?"

"Yule yule asiyevuka mlango wa kanisa! Ona Mungu anavyomtumia amtakaye. Mchungaji Abdias kafurahi, we acha tu. Jumapili utatoa ushuhuda."

Bi Noemia alikirudisha chini kiti alichokuwa amekibeba, akakikalia. Alijua vizuri kilichokuwa kwenye barafu. Jussara na Vavá walihangaika sana kutafuta mtoto, mpaka daktari wa Recife alipochukua yai la huyu na mbegu ya yule akaviunganisha ndani ya kichupa cha maabara. Kiinitete kimoja kikapandikizwa tumboni, kikawa Rebeca, ambaye sasa alikuwa na miaka sita na pengo la meno ya mbele. Vingine vinne vilibaki vimegandishwa, na kila mwaka vililipiwa ada. Hayo yote aliyajua, na hata ombi la daktari alikuwa amelisikia kupitia ukuta. Alichokuwa hakijui ni kwamba yeye amevikatalia, kwa sababu hakuna kiumbe aliyewahi kumuuliza.

Hasira ilimpanda. Amevishwa kilemba cha ukoka mbele ya watu, na aliyemvisha ni mkwewe, ambaye asubuhi ile ile alikuwa ameisonya redio yake ya nyimbo za dini.

*

Nyumba yao ilikuwa kama nyumba nyingine zote za mtaa ule wa Toritama, mji wa washona jinzi: sebule ilikuwa imemezwa na vyerehani vya jinzi. Jussara alishona miguu ya suruali, Bi Noemia alishona mifuko ya nyuma, na Vavá alikata nyuzi, akafunga marobota na kuyapeleka gulioni. Vidole vya wote watatu vilikuwa na rangi ya buluu isiyotoka kwa sabuni yoyote.

Kwa muda sasa Jussara alikuwa amemnunia mama yake. Aliongea naye kwa maneno ya kazi tu: uzi, sindano, sogea. Kahawa alimpa bila sukari. Bi Noemia alidhani ni uchovu wa msimu, maana oda za jinzi za sikukuu za Juni zilikuwa nyingi na maji yalikuwa yamezidi unga. Jioni ile, akivua kitambaa chake cha kichwa, ndipo alipoelewa kwamba alikuwa anaadhibiwa.

"Mama, kaa hapa," alisema Jussara, akiwa ameegemeza simu kwenye kigurudumu cha uzi. "Kuna mtu anataka kuongea na wewe. Tafadhali msikilize mpaka mwisho."

Kwenye kioo cha simu alikuwa Daktari Lívia, mwanamke mwenye sura njema na miwani myembamba. Aliongea polepole na kwa sauti kubwa, kama watu wanavyoongea na viziwi.

"Bibi Noemia, kwanza nataka ujue naiheshimu sana imani yako."

"Asante, binti."

"Kiinitete hakina uso, hakina moyo. Ni kitu kidogo mno. Unaijua punje ya chumvi?"

Bi Noemia, aliyeanza kupika kabla daktari hajazaliwa, alisema chumvi amewahi kuiona.

"Basi ni kidogo hata kuliko hiyo. Tunatafuta dawa za magonjwa ya misuli, magonjwa yasiyo na tiba. Sayansi si adui wa Mungu, Bibi."

"Mimi sijawahi kusikia wakigombana, binti."

"Najua kanisani mmefundishwa..." Daktari aliendelea, akachukua karatasi, akachora duara, na ndani ya duara akachora viduara vidogo, kisha akaisogeza karatasi karibu na kamera na kuuliza kama inaonekana. Bi Noemia alisema inaonekana. Uso ulimwaka moto. Hakuna aliyekuwa amemtukana, kila neno lilikuwa la adabu, na bado alijiona ameketishwa kwenye dawati la watoto wadogo kwa kosa la mtu mwingine.

Mtu mwingine huyo alikuwa amesimama karibu na marobota, mkasi mkononi. Vavá alikata uzi wa suruali moja, akaukata tena mahali ambapo hapakuwa na uzi, mpaka akakata kitambaa chenyewe. Alipoinua macho yakakutana na ya mama mkwe wake. Bi Noemia alikuwa amelitayarisha neno. Lilikuwa moja tu na lingemmaliza. Lakini aliona kwenye uso ule kitu ambacho hakukitarajia. Haukuwa uso wa mtu aliyedanganya ili apate nafuu. Ulikuwa uso wa mtu anayeogopa. Basi akalimeza neno lake.

"Nimekusikia, daktari," alisema. "Nitaliombea."

Jussara aliikata simu. "Utaliombea! Na Elias je, Mama? Kila Jumamosi unakwenda kwa mdogo wako kumbeba mwanawe mgongoni mpaka bafuni, misuli yake inaisha kama mshumaa, umri wake wa kucheza mpira! Sasa watu wanaitafuta hiyo dawa, na wewe unaniambia utaliombea!"

Bi Noemia alikikunja kitambaa chake cha kichwa. Kilichomuuma kuliko vyote ni kwamba kila alichokisema binti yake, yeye mwenyewe alikubaliana nacho.

*

Asubuhi Vavá alikuwa uani akikaza kamba za marobota. Bi Noemia alitoka na vikombe viwili vya kahawa, akausukuma mlango kwa kisigino ukafungika nyuma yake.

"Vavá, mwanangu. Mimi dhambi zangu zinanitosha. Kwa nini unaniongezea na zako?"

Vavá alijaribu kucheka, kicheko kikakataa. Alikipokea kikombe. "Ningesema nini, Mama?"

"Ungesema neno lako. Mdomo unao, mpira ukichezwa mtaa mzima tunausikia."

"Neno langu nani atalisikiliza? Wewe ukisema Mungu hataki, watu wanainamisha kichwa, hata daktari anakwambia anaiheshimu imani yako. Mimi nikisema sitaki, wataniuliza sababu."

"Haya. Mimi ni mama mkwe wako, nimeangukiwa na jumba bovu lisilo langu, na nakuuliza sababu."

Vavá aliketi juu ya robota. 

"Unajua nimelelewa mjini Caruaru," alisema.

"Kwa wale wenye duka la vyombo. Umesema siku zote walikulea vizuri."

"Nimesema. Sikulelewa, Mama, nilitolewa. Kwetu tulikuwa wengi, chakula hakuna. Akaja mama mmoja na gari zuri, akamwambia mama yangu, nipe huyu mdogo, atasoma, ataishi vizuri, na atatufaa nyumbani. Nilikuwa na umri wa Rebeca hivi, na mimi hakuna aliyeniuliza. Nimepiga deki duka lile mpaka magoti yakaota sugu. Nililala kwenye chumba cha ndoo na mafagio. Hiyo shule naisubiri mpaka leo. Na wala hawakuwa watu wabaya! Hilo ndilo linalonichoma. Walikuwa watu wazuri, wacheshi, Krismasi wananinunulia viatu. Akija mgeni wananionyesha: huyu anatusaidia sana."

Alikunywa kahawa yote kwa mkupuo kana kwamba ni dawa.

"Daktari naye ni mtu mzuri. Alipotuambia vitasaidia watu wengi sana, nikaisikia sauti ile ile. Sijui habari za Mungu, Mama. Roho inaingia siku gani, sijui. Najua tu kwamba kilicho changu simpi mtu akakitafutie kazi ya kufanya."

Bi Noemia alimtazama mkwewe, jitu lenye mabega ya kubeba marobota mawili kwa mpigo, na kwa mara ya kwanza akamwona yule mtoto. Moyo wake ulimuuma sana. Lakini hakuwa mwanamke wa kukubali hoja kwa sababu tu imemliza.

"Vavá, vile havina macho. Havijui ndoo wala fagio."

"Najua. Sikusema nina akili, nimesema sitaki."

"Mimi ningevitoa."

"Wewe?"

"Mimi! Si hukuniuliza? Yesu mwenyewe, alipokwisha kulisha watu, aliwatuma wanafunzi wakayaokote makombo yasiharibike. Mimi sijatupa kipande cha kitambaa tangu nizaliwe, leo nitupe kitu cha kumtafutia Elias dawa?"

"Lakini kanisa lako..."

"Kanisa lina mchungaji wake, na mimi nina magoti yangu. Niliomba, nikapata amani, nikakaa nasubiri mniulize. Nikasubiri kama mjinga."

Vavá alikuwa ameachama. Kisha mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka nusura aporomoke kutoka kwenye robota. "Jamani! Yaani mlokole anatoa, mpagani anakataa!"

"Cheka tu. Jumapili ninayepandishwa mbele za watu ni mimi." Bi Noemia alimnyang'anya kikombe. "Sasa nisikilize. Mle kanisani sisemi uongo, hata kwa ajili yako. Na jina lako silitaji. Hilo utalitaja mwenyewe kwa mkeo. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

*

Jumapili kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Jussara alikuja, amekunja mikono, na Rebeca kando yake akiwa na gauni lililonyooshwa kwa pasi. Vavá alisimama nje kwenye kivuli cha ukuta, pamoja na wanaume wengine wanaosindikiza wake zao na kuwangojea.

"Siku hizi," alisema Mchungaji Abdias, "watu wanadhani maabara ndiyo itakayotufundisha mema na mabaya. Lakini nyumbani kwa dada yetu, Bwana amepata shahidi. Njoo, Dada Noemia!"

Makofi yalimpokea. Alizipanda ngazi mbili za mimbari. Alikuwa ametoa ushuhuda mara nyingi kabla ya hapo, juu ya homa na juu ya kodi ya nyumba, wala hakuwahi kuogopa. Leo aliogopa kwa sababu aliwapenda watu wale. Walikuwa wamemzika mumewe, walikuwa wamempikia alipougua, na alijua wangeweza kumpenda pungufu kidogo kuanzia siku ile.

"Amani ya Bwana, ndugu zangu."

"Amani ya Bwana!"

"Jumatano mlinipigia makofi, nikaitikia amina. Ile amina ilikuwa ya haraka. Namwomba Mungu radhi na nyinyi nawaomba radhi, kwa sababu mimi sikukataa kitu. Sikuulizwa. Na kama ningeulizwa, ningesema wachukue wakamtafutie Elias wetu dawa."

Feni la dari lilisikika likizunguka. Mzee Olegário, ambaye sikio lake moja halifanyi kazi na la pili linachagua, alipiga kelele, "Amina!"

"Dada," alisema Mchungaji kwa upole, akiikaribia mikrofoni, "labda sasa tuombe..."

"Tutaomba, Mchungaji, namalizia. Humu ndani wapo wanaoona ni dhambi. Sigombani nao, huenda wao ndio wanaoona vizuri na mimi ndiye kipofu. Wako pia wasioingia humu kabisa, hawana hata wimbo mmoja wa kanisa, na wanaona ni vibaya kuliko mnavyoona nyinyi. Mimi nimejifunza hilo wiki hii. Sasa mkitaka kunipigia makofi, nipigieni kwa langu. La mwingine silitaki."

Alishuka. Hakuna aliyepiga. Mchungaji alitangaza wimbo, akakosea namba, akairekebisha. Bi Noemia aliporudi kwenye safu yake alikuta mkoba wa Cleonice umekaa kwenye kiti chake, na Cleonice akitazama mbele kana kwamba mkoba ule ni wa mtu mwingine. Hakuubishia. Alikwenda kukaa nyuma na mjukuu wake, na Rebeca akamshika mkono.

Jussara alikuwa amegeuka mzima mzima, akitazama mlangoni. Kivuli cha ukuta kilikuwa na wanaume wote isipokuwa mumewe.

*

Walimkuta jikoni. Vavá alikuwa amepika kuskusi ya mahindi na nyama ya mbuzi, jambo ambalo katika nyumba ile lilikuwa sawa na kukiri kosa. Hakungoja waketi.

"Ni mimi," alimwambia mkewe. "Mama hakusema kitu. Aliyekataa ni mimi."

Akamsimulia duka la vyombo, chumba cha ndoo, viatu vya Krismasi. Alisimulia akiwa ameshika upawa, na alipomaliza alikuwa bado ameushika. Jussara alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akalipuka.

"Miezi yote hii nimemnunia mama yangu! Nimemnywesha kahawa chungu!"

"Mimi nilidhani sukari imepanda bei," alisema Bi Noemia.

"Mama, usinichekeshe, nina hasira!" Akamgeukia mumewe. "Mimi ni mke wako. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza sababu. Na kwenye sababu kuna kile chumba. Sikutaka ukione."

Jussara aliifuta midomo yake kwa kiganja. Alimsogelea, akauchukua ule upawa mkononi mwake, akauweka ndani ya sufuria, kisha akakilaza kichwa chake kwenye kifua cha Vavá. Wakabaki hivyo. Bi Noemia akajifanya anatafuta chumvi.

"Bado naona umekosea," Jussara alisema baadaye.

"Najua."

"Na Elias?"

"Sina la kusema juu ya Elias," alijibu Vavá. "Nikimtazama naona aibu. Lakini bado siwezi."

"Basi havitoki mpaka tukubaliane wote wawili. Mmoja peke yake haamui. Ada tutalipa, tumezoea."

Bi Noemia alimfikiria Elias, miguu yake miembamba ikining'inia mgongoni kwake, na huzuni ikampata, huzuni ya kweli. Yeye ndiye aliyeshindwa mezani pale. Hata hivyo, walipoketi kula, Jussara alimchagulia mama yake kipande kinono kuliko vyote, Rebeca alieleza jinsi Mzee Olegário alivyoitikia peke yake, wote wakacheka, na Bi Noemia akajiona amerudishwa nyumbani. Furaha yake ilikuwa kubwa, wala hakuionea haya.

*

Jumatatu mchana Jussara aliegemeza tena simu kwenye kigurudumu cha uzi na kumpigia daktari. Alimwambia jibu ni hapana.

"Naelewa," alisema Daktari Lívia, akashusha pumzi. "Imani ni jambo zito, ukiwa na mzee ndani ya nyumba. Mwambie Bibi sina kinyongo naye hata kidogo."

"Mama angevitoa, daktari. Jana kalisema hilo kanisani mbele ya watu wote. Anayekataa ni mume wangu."

"Oh. Samahani. Naye anasali kanisa gani?"

"Vavá? Hana kanisa. Hata penalti anaitazama bila kupiga ishara ya msalaba."

Daktari alivua miwani, akaivaa tena, na alipouliza aliuliza kwa dhati, kama mtu aliyepotea njia mahali anapopajua.

"Sasa kama hana dini, anakataa kwa sababu gani?"

Jussara alimtazama mumewe, akaisogeza simu upande wake. Vavá aliuweka mkasi chini. Aliifuta mikono yake ya buluu kwenye suruali, akainama mbele ya kioo, na Bi Noemia akaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani ili asikie vizuri.

"Kwa sababu ni wangu, daktari," alisema Vavá. "Na safari hii nimeulizwa."